Mshipa mkuu wa moyo ukibana: Kwa nini madaktari bado huchagua kupasua kifua?

Kuna mshipa mmoja wa moyo ambao daktari akiuona umebana, hamruhusu mgonjwa arudi nyumbani kirahisi. Urefu wake ni kama sentimita moja tu, na upana wake ni milimita nne au tano, karibu sawa na mrija wa kunywea soda. Unachomoza kwenye mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, unasogea kidogo upande wa kushoto, kisha unagawanyika mara mbili na safari yake inaishia hapo. Lakini damu inayopita katika kipande hicho kifupi ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya upande wa kushoto wa moyo, upande unaosukuma damu hadi kwenye ubongo, figo na vidole vya miguu.

Madaktari huuita mshipa mkuu wa kushoto. Ukiziba ghafla wote, mara nyingi mgonjwa hafiki hospitali. Ndiyo maana ukikutwa umebana kwa nusu ya upana wake au zaidi, mwenye nao huhesabiwa yuko hatarini hata kama ameingia hospitalini akitembea kwa miguu yake na kutaniana na wauguzi. Katika mishipa mingine ya moyo, madaktari huwa na wasiwasi zaidi ubanaji unapofikia asilimia 70. Hapa nusu inatosha.

Hapo ndipo mgonjwa huwekewa njia mbili mezani. Ya kwanza ni kupasuliwa kifua, moyo usimamishwe, na mishipa mipya ishonewe ili damu ipite pembeni ya sehemu iliyobana. Ya pili ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkononi hadi moyoni na kuacha huko kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti, ambacho hutanua mshipa. Ya kwanza inakulaza hospitali wiki nzima na kukuacha na kovu refu katikati ya kifua. Ya pili, mambo yakienda sawa, unaweza kuwa nyumbani kesho yake. Ukiuliza watu barabarani, karibu wote watachagua ya pili. Lakini madaktari wengi, kwa mgonjwa anayeweza kuvumilia upasuaji, bado wanaelekeza kwenye ya kwanza. Sababu yake haionekani katika wiki za mwanzo, inaonekana baada ya miaka.

Moyo umejaa damu, iweje ukose damu?

Swali hili jamaa wa wagonjwa huliuliza sana, na ni swali la haki. Moyo ni msuli, na msuli huo haulishwi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Dereva wa lori la mafuta anaweza kubeba maelfu ya lita za petroli mgongoni na bado akazimikiwa na gari njiani, kwa sababu injini yake inategemea tangi lake dogo na mpira wake wa mafuta. Moyo nao una mipira yake miwili, yaani mishipa miwili midogo, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Ule wa kushoto ndio tunaouzungumzia. Ukishagawanyika, tawi moja hushuka mbele ya moyo na jingine huzunguka kwenda nyuma.

Wengi husema "mafuta yameziba moyo", na hudhani ni kama bomba la sinki la jikoni lililojaa mafuta ya kukaangia. Sivyo ilivyo. Lehemu iliyozidi kwenye damu hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe. Mwili hujaribu kuishambulia, seli hukusanyika, baadaye hata chokaa hujikusanya humo, na kwa miaka mingi ukuta huvimba kuelekea ndani hadi njia ya damu inakuwa nyembamba. Kwa hiyo hakuna kinywaji kinachoweza kuosha mishipa, iwe ni ndimu, kitunguu saumu au tangawizi, hata kama mchanganyiko huo unasambazwa kila asubuhi katika makundi ya WhatsApp. Dawa za kushusha lehemu zina kazi kubwa, kwa kuwa huutuliza uvimbe huo usipasuke na kusababisha damu kuganda juu yake, jambo ambalo ndilo mshtuko wa moyo wenyewe. Lakini mshipa mkuu uliokwisha bana sana hauwezi kutegemea vidonge peke yake.

Chanzo kinajulikana: sigara, shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu, umri na historia ya familia. Kwa kawaida huwa si kimoja, ni viwili au vitatu vinavyosaidiana.

Maumivu yanayodhaniwa kuwa vidonda vya tumbo

Chukulia mstaafu wa miaka 63 mwenye kisukari. Kila akipanda kilima kwenda kusali, kifua kinabana kana kwamba mtu amemkalia. Akisimama dakika mbili tatu, kinaachia. Anajiambia ni gesi. Anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya vidonda vya tumbo, na kwa kuwa siku hizo hapandi kilima, anapata nafuu na kuamini dawa imemfaa.

Maumivu ya namna hiyo, yanayokuja mtu anapojitutumua na kuondoka anapopumzika, ndiyo ishara inayotakiwa kumpeleka mtu kwa daktari wa moyo badala ya duka la dawa. Yanaweza kupanda hadi taya au kushuka mkono wa kushoto. Kwa wanawake, na kwa wenye kisukari wa jinsia zote, huenda yasiwepo kabisa. Kinachoonekana ni kuishiwa pumzi au uchovu usioelezeka. Na tahadhari moja: kipimo cha umeme wa moyo kinachofanywa mgonjwa akiwa amelala kinaweza kutoka safi kabisa huku mshipa mkuu ukiwa umebana. Karatasi safi siyo hati ya kuwa huna ugonjwa.

Anayethibitisha ni picha ya mishipa. Mrija mwembamba hupitishwa mkononi au kwenye nyonga hadi kwenye mlango wa mishipa ya moyo, dawa inayoonekana kwenye eksirei humiminwa humo, na daktari huona kwenye skrini mahali damu inapopita na inapokwama. Kipimo hiki kilipatikana kwa bahati mbaya. Mwaka 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, mrija wa daktari Mason Sones uliteleza na kuingia kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wake, na dawa ikamiminika humo. Wakati huo iliaminika kwamba jambo kama hilo lingeua. Moyo ulisimama kwa sekunde chache, mgonjwa akaambiwa akohoe, ukaanza kupiga tena. Sones akatambua kwamba kwa mara ya kwanza ameona mshipa wa moyo wa mtu aliye hai, ukiwa peke yake na ukiwa wazi.

Mchepuko unaookoa

Jina la Kiingereza la upasuaji huu ni lile lile la barabara inayokwepa katikati ya mji, na kwa Kiswahili cha wahandisi wa barabara hiyo ni njia ya mchepuko. Watanzania walioambiwa kwa miaka kuwa mchepuko si dili itabidi waliache onyo hilo mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Hospitalini wengi huuita baipasi, na taarifa rasmi huuita upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu kwenye moyo.

Wazo lake ni rahisi. Sehemu iliyobana haiguswi kabisa. Daktari huchukua mshipa kutoka mahali pengine mwilini mwa mgonjwa huyo huyo, na kuushona chini ya sehemu iliyobana, ili damu ifike ng'ambo kwa njia nyingine.

Majaribio yalianza mapema miaka ya 1960 katika nchi mbalimbali, lakini aliyeufanya upasuaji huu ukaenea duniani ni René Favaloro, raia wa Argentina. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini kwa miaka kumi na miwili katika mji mdogo wa Jacinto Aráuz. Alikwenda Cleveland mwaka 1962, akawa anakaa saa nyingi akizitazama picha zilizopigwa na Sones, na Mei 1967 akatumia mshipa wa mguuni kurudisha damu katika mshipa wa moyo wa kulia wa mwanamke mwenye umri wa miaka 51. Baadaye mbinu hiyo ilipelekwa kwenye mshipa mkuu wa kushoto. Alirudi kwao mwaka 1971 na kuanzisha taasisi iliyotibu pia wasiokuwa na uwezo wa kulipa. Alipofariki mwaka 2000, taasisi hiyo ilikuwa imelemewa na madeni. Suala la nani analipa gharama ya moyo limekuwepo tangu mwanzo.

Chumbani mambo huenda hivi. Mgonjwa analazwa usingizi mzito. Mfupa wa kidari unakatwa kwa urefu, kifua kinafunguliwa. Wakati huo huo daktari mwingine anachuna mshipa mrefu mguuni, au ateri moja ya mkono wa chini. Damu inaelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha moyo unasimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu ili utulie wakati wa kushona. Mishipa inayoshonwa ina upana wa milimita moja na nusu au mbili, kwa hiyo daktari huvaa miwani ya kukuza na kutumia uzi mwembamba kama unywele. Wapo wanaoshona moyo ukiwa unapiga, bila mashine, wakishikiza sehemu ndogo tu. Kazi yote huchukua saa tatu hadi sita. Mwishoni moyo unapashwa joto, unaanza kupiga, na mfupa unafungwa kwa nyaya za chuma.

Kuna jambo moja ambalo mgonjwa anafaa kulijua, kwa kuwa linabadilisha hesabu yote. Mishipa inayopandikizwa hailingani. Ule wa mguuni ni mshipa uliozoea damu ya taratibu inayorudi moyoni. Ukiwekwa mahali penye shinikizo kubwa huchoka, na katika miaka kumi karibu nusu ya mishipa ya aina hiyo huwa imeziba au kuharibika. Lakini nyuma ya mfupa wa kidari kuna ateri inayoshuka pembeni ya kifua, ambayo mwili unaweza kuishi bila hiyo. Ikishonwa kwenye tawi la mbele la moyo, zaidi ya asilimia 90 huwa bado ziko wazi baada ya miaka kumi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 ilipothibitishwa kuwa wanaopandikizwa ateri hiyo huishi muda mrefu zaidi, daktari wa upasuaji asiyeitumia bila sababu anapaswa kujieleza. Mgonjwa au mwanawe ana haki kabisa ya kuuliza: "Daktari, mtatumia ule mshipa wa kifuani?"

Ushahidi kwamba upasuaji huokoa wenye tatizo la mshipa mkuu ni wa muda mrefu. Mwaka 1994 watafiti walikusanya majaribio saba ya miaka ya 1970 na 1980, yenye wagonjwa 2,649, yaliyolinganisha upasuaji na dawa peke yake. Waliofaidika kuliko wote walikuwa wale wa mshipa mkuu wa kushoto. Kwao uwezekano wa kufa katika miaka mitano ulipungua kwa takriban theluthi mbili.

Kisha ikaja stenti

Septemba 1977 mjini Zurich, Andreas Grüntzig alitanua mshipa wa moyo kwa kiputo kidogo bila kupasua kifua. Stenti zilifuata katika miaka ya 1980, na baadaye zikaja zilizopakwa dawa ya kuzuia kovu lisizibe tena njia. Kwa mshtuko wa moyo unaoendelea, stenti imeokoa watu wasiohesabika na hakuna anayebishana. Swali lilibaki kwenye mshipa mkuu, kwa mgonjwa ambaye ana muda wa kuchagua.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni rahisi kuielewa. Stenti hutengeneza mahali pamoja palipobana. Baipasi hupeleka damu mbele zaidi, kwa hiyo hata kama uvimbe mwingine utatokea mwakani katika kipande kilichorukwa, damu inaendelea kufika. Ni sawa na kuziba shimo moja la barabara mbovu, au kujenga barabara nyingine inayokwepa eneo zima.

Siku moja ya Oktoba 2016 zilitoka tafiti mbili kubwa kwa pamoja, na hazikukubaliana. Ule wa NOBLE, uliofanyika kaskazini mwa Ulaya kwa wagonjwa 1,201, ulisema upasuaji ni bora. Ule wa EXCEL, wenye wagonjwa 1,905, ulisema baada ya miaka mitatu stenti haikuwa nyuma.

Ugomvi wenyewe ulilipuka mwaka 2019, EXCEL ilipotoa matokeo ya miaka mitano. Walipojumlishwa waliokufa, waliopata kiharusi na waliopata mshtuko wa moyo, ilikuwa asilimia 22.0 kwa stenti na 19.2 kwa upasuaji, na watafiti wakasema hiyo si tofauti ya maana. Lakini ndani ya jedwali kulikuwa na mstari mwingine: waliofariki kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 13.0 upande wa stenti na 9.9 upande wa upasuaji. David Taggart, profesa wa upasuaji wa moyo wa Oxford na mmoja wa waliouongoza utafiti huo, aliondoa jina lake kwenye ripoti. Desemba mwaka huo huo BBC ilitangaza data zilizovuja, na chama cha madaktari wa upasuaji wa moyo na kifua cha Ulaya kikaondoa uungaji mkono wake kwa sehemu ya mwongozo iliyohusu mshipa mkuu. Utafiti ulikuwa umefadhiliwa na Abbott, kampuni inayotengeneza stenti zilizotumika. Watafiti walikanusha kuficha chochote.

Kiini cha mabishano kilikuwa swali linaloonekana dogo: mshtuko wa moyo ni nini? Moyo ukishikwa na kushonwa lazima utoe kwenye damu kemikali zile zile zinazopimwa mtu anapopata mshtuko. Ukihesabu kila ongezeko la kemikali hizo kuwa mshtuko, upasuaji unaonekana umeumiza wengi siku ya kwanza. Ukitaka dalili nyingine ziwepo pia, hesabu inageuka. Namba ni zile zile na wagonjwa ni wale wale. Aliyebadilika ni aliyechora mstari wa kuhesabia.

Mwaka 2021 kundi jingine liliunganisha tafiti nne, wagonjwa 4,394, mmoja mmoja. Nadhani haya ndiyo matokeo ambayo mgonjwa anapaswa kuelezwa. Katika miaka mitano walifariki asilimia 11.2 ya waliowekewa stenti na 10.2 ya waliopasuliwa, tofauti ndogo mno kuitegemea. Lakini mshtuko wa moyo uliotokea baadaye wenyewe, nje ya matibabu, uliwapata asilimia 6.2 wa stenti na 2.6 wa upasuaji. Waliolazimika kurudi kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 18.3 na 10.7. Kiharusi hakikutofautiana sana kwa jumla, ingawa katika siku za mwanzo stenti ina hatari ndogo zaidi.

Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2024 imeweka upasuaji kuwa chaguo linalopendelewa kwa jumla kwa wagonjwa wa mshipa mkuu ambao hatari yao ya upasuaji ni ndogo. Stenti imebaki kuwa mbadala halali pale ambapo mishipa mingine haijaharibika sana na inaweza kutengenezwa sawasawa. Kwa mzee dhaifu, mwenye mapafu mabovu au aliyewahi kupata kiharusi kikubwa, stenti inaweza kuwa ndiyo busara. Mwenye kisukari na mishipa mingi iliyobana huelekezwa zaidi kwenye kisu.

Hesabu ya Mbeya si hesabu ya Copenhagen

Tafiti hizi zilifanywa kwa watu wengi wanaoishi karibu na hospitali yenye mtambo wa kuzibua mishipa, na ambao dawa zao za kila siku zina mlipaji. Afrika Mashariki hali ni nyingine. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hupandikiza mishipa na kuweka stenti, na imewapunguzia wengi safari ya India iliyokuwa ya kawaida zamani. Nairobi kuna hospitali kadhaa zinazofanya hivyo, na Kampala iko Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago. Nje ya miji hiyo mikubwa, mtambo wa namna hii ni wa kutafuta.

Kwa hiyo tunaposoma kwamba asilimia 18 walirudi kuzibuliwa, tujiulize kurudi huko ni kwenda wapi. Kwa mtu wa Copenhagen ni safari ya treni. Kwa mtu wa Mbeya au Lodwar ni nauli, mahali pa kufikia, harambee nyingine ya ukoo, na pengine mshtuko unaotokea usiku akiwa mbali na msaada wowote. Kwa maoni ya mwandishi, umbali huo unaufanya upasuaji wa mara moja uwe na uzito zaidi huku kwetu kuliko tafiti zinavyoonyesha.

Kuna na suala la vidonge. Anayewekewa stenti hutumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita hadi kumi na miwili, kisha moja kwa maisha. Akikatiza kwa sababu fedha zimeisha au dukani hakuna, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na stenti iliyoziba katika mshipa mkuu haitoi nafasi ya pili. Aliyepasuliwa naye hunywa dawa, aspirini na ya lehemu, lakini pengo la wiki moja kwa kawaida si la hatari kiasi hicho.

Kwa upande mwingine, upasuaji unahitaji mambo ambayo si kila hospitali inayo: timu inayoufanya mara kwa mara, damu ya kutosha, na wauguzi wa chumba cha mahututi wanaokesha. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki katika upasuaji uliopangwa ni mmoja au wawili katika kila mia. Mkono usiozoea huongeza namba hiyo. Swali "mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka?" si utovu wa adabu, daktari mzuri atalijibu bila kununa. Jambo jingine la kuuliza ni kama picha ya mishipa imetazamwa na wote wawili, daktari anayeweka stenti na daktari anayepasua, wakiwa pamoja. Miongozo inataka hivyo, kwa sababu fundi mwenye nyundo peke yake huona misumari kila mahali.

Familia huombwa pia kuchangia damu kabla ya siku yenyewe. Ni vizuri hilo lijulikane mapema, kuliko kuanza kupigiana simu alfajiri ya upasuaji.

Wiki baada ya kushonwa

Mgonjwa huamka katika chumba cha mahututi akiwa na mrija kooni, hawezi kusema, na mirija mingine ikitoa maji na damu kifuani. Jamaa walioonywa huvumilia kumwona hivyo. Wasioonywa hudhani amekufa. Siku ya pili au ya tatu hukalishwa kitini, baadaye hutembezwa. Karibu mmoja kati ya watatu au wanne, moyo wake hupiga ovyo ovyo kwa siku chache, hali ambayo mara nyingi hutulizwa kwa dawa. Nyumbani huruhusiwa baada ya wiki moja hivi.

Mfupa wa kidari huunga kwa muda wa wiki sita hadi kumi na mbili, kama mfupa mwingine wowote uliovunjika. Kipindi hicho hakuna kubeba ndoo ya maji, kusukuma gari wala kumnyanyua mjukuu. Akikohoa hukumbatia mto kifuani ili mfupa usitikisike. Homa, usaha kwenye mshono, au hisia ya mfupa kugonga ndani anapogeuka ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hasa kwa mwenye kisukari. Mguu uliotolewa mshipa huvimba kwa wiki kadhaa na humsumbua mgonjwa kuliko alivyotarajia. Wapo wanaosema kifua walikisahau kabla ya mguu.

Lisilosemwa sana ni huzuni. Wengi hulia bila sababu, hukosa usingizi, au hukasirika ovyo katika wiki za mwanzo, na wazee wa kiume huona aibu kulitaja. Hali hii ni ya kawaida baada ya upasuaji mkubwa wa moyo, kwa kawaida hupita, na isipopita inatibika. Mke au mtoto anayeiona asisubiri kliniki ya mwezi ujao ndipo aiseme.

Sigara inaisha siku ya upasuaji, na haina mjadala, kwa kuwa huziba mishipa mipya kama ilivyoziba ya zamani. Sukari na shinikizo la damu huendelea kupimwa na dawa huendelea kunywewa. Ndugu wa damu wa mgonjwa aliyeanza kuugua akiwa kijana nao wanafaa kwenda kupima lehemu na shinikizo.

Nyaya zilizofunga mfupa hubaki kifuani maisha yote. Kwa kawaida haziumi, wala hazizuii kazi, safari au ibada. Picha yoyote ya kifua atakayopigwa mgonjwa huyo miaka ishirini baadaye, katika zahanati yoyote, itazionyesha zikiwa zimepangana katikati kama vifungo vya shati.